Sendofu Iliyofanyika Mwaka 2011

Shangazi alifika kwangu Kihonda, Morogoro, saa moja kasorobo asubuhi, Jumapili, kabla hata muuza maziwa hajapita. Nilifungua mlango nikiwa na jicho moja tu lililoamka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ziko wapi?"

"Nini?"

"Picha."

Sendofu ya mdogo wangu ilikuwa imekwisha saa nane ya usiku huohuo. Viatu vyangu vilikuwa bado vina keki. Lakini Shangazi alikuwa na shida isiyongoja mtu alale. Wakati wa kutoa zawadi aliingia ukumbini akicheza, godoro kichwani, na MC akatangaza kwa sauti ya kupasua paa: "Godoro la futi tano kwa sita, inchi nane!" Watu hawajafika hata majumbani kwao, habari ikawa imezunguka kundi zima la WhatsApp la ukoo kwamba godoro lile ni inchi sita, tena limepachikwa maboksi ndani ya nailoni ili lionekane nene. Waliosambaza habari hiyo ni mawifi zake. Mawifi zake, kwa faida ya wasiotujua, ni mama yangu mzazi na wadogo zake. Kwa hiyo pale mlangoni, na kaptula yangu, nilikuwa nimesimama kama shahidi wa pande zote mbili.

Niseme kwanza jinsi kamera ilivyofika mikononi mwangu, maana sikuzaliwa mpigapicha. Nilikuwa katibu wa kamati. Mpigapicha wa mjini alitaka laki nne na nusu, daftari la michango lilikuwa na ahadi nyingi na fedha kidogo, mwenyekiti akauliza kama kuna mtu anayejua kushika kamera. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimekunywa chai tu, sina hata cha kusingizia.

Kamera ilikuwa ya Mjomba. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kuja shereheni akala pilau akaaga. Mjomba ndiye anayeulizwa kabla barua ya posa haijafunguliwa. Huyu wa kwetu ni mstaafu, mtu wa heshima, anaongea polepole kana kwamba kila neno analitoa mfukoni mwake. Miaka hii miwili anaumwa gauti, ule ugonjwa ambao wazee wanauita jongo, na daktari kamkataza nyama nyekundu na pombe. Mkaza Mjomba anailinda amri hiyo kama mgambo wa soko. Hata kwenye sendofu, ndafu ilipokatwa, Mjomba aliletewa wali na mchicha, akala kwa upole kabisa. Meza ya wazee nzima ikamsifu kwa nidhamu.

Alinikabidhi kamera ndani ya mfuko wake mweusi, betri imetolewa pembeni, waya hakuna. "Itunze, mpwa wangu. Ina umri, lakini jicho lake zima." Nilipotia betri na kuiwasha, kioo kiliniuliza tarehe na saa. MC alikuwa tayari anamwita bi harusi aingie. Nikabonyeza OK. Kikauliza tena, nikabonyeza OK tena. Kikanyamaza, nikaanza kazi.

Hapo pakumbuke, maana mimi sikupakumbuka.

Tatizo la kwanza la Jumapili lilikuwa tundu. Kamera ile ina tundu dogo la kizamani, ambalo si la simu za siku hizi wala za juzi. Nikaleta rambo langu la waya. Kila nyumba ina rambo hilo, lililonusurika hata marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2019 kwa kuwa lilikuwa uvunguni. Ndani mna chaja za simu zilizokwisha kufa, waya wa redio iliyoibiwa, na kitu kimoja ambacho hakuna anayejua ni cha nini lakini hakitupwi. Shangazi alikaa mkekani akinipa waya mmoja mmoja, kama nesi anayempa daktari mkasi. Tulifika wa kumi na moja. Hakuna ulioingia.

Nikakimbilia duka la simu la pale barabarani. Kijana akaitazama kamera, akautazama ukuta wake, akatungua waya wenye vumbi: shilingi elfu tatu. Huo uliingia bila kuombwa. Nikachomeka huku kwenye kamera, huku kwenye kompyuta, nikawasha. Kamera haikusema kitu. Kompyuta haikusema kitu. Na sisi tukakaa kimya, kwa adabu.

"Labda hazijuani," Shangazi akasema.

Nikauchomoa na kuuchomeka mara sita. Nikahamia tundu jingine. Nikazima kompyuta nikaiwasha, ambayo ndiyo dawa pekee ya kompyuta niliyosomea. Nikapuliza tundu la kamera kama filimbi. Baadaye sana nilikuja kuambiwa kwamba waya wa namna ile ndani unatakiwa uwe na nyuzi nne: mbili za umeme na mbili za kupitishia mzigo wenyewe, yaani picha. Nyingi za bei poa zina zile mbili za umeme basi, ni za kuchajia spika. Kwa hiyo kwa dakika arobaini nilikuwa nazisukuma picha zipite njia ambayo haijachongwa.

Ndipo akili ikanijia: toa kadi. Ubavuni mwa kompyuta yangu kuna tundu la kadi, na ndani ya tundu mlikuwa na kadi nyingine nyeusi, imekaa humo tangu siku niliponunua mashine. Sikuwahi kuigusa. Niliichukulia kama bandama: hujui inafanya kazi gani, lakini huitoi. Nikaivuta ikatoka, nikaiweka mezani, nikaingiza ile ya kamera. Kompyuta ikalia *tilin*! Shangazi akapiga kigelegele kimoja, kifupi, cha kupima.

Programu ikajifungua yenyewe. Imeona picha 312, iziingize? Ndiyo. Ikauliza jambo la pili, ndiyo. Kisha kikaja kiboksi kidogo chenye maelezo marefu ya Kiingereza. Mimi nimelelewa vizuri, nikiulizwa mara tatu siwezi kukataa mara ya tatu. Nikatia tiki. Mstari ukatembea ukafika mwisho, ikasema imemaliza.

"Fungua," Shangazi akasema, huku anajitengeneza kanga kana kwamba picha nazo zitamwona.

Nikafungua. Picha ya kwanza juu kabisa ilikuwa lori la mchanga. Ya pili, mchanga wenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa najenga, nikapiga kwa simu ili nimwonyeshe mwenye lori kwamba hakujaza. Nikateremka: risiti ya saruji. Mbuzi wa jirani kwenye mahindi yangu. Jirani mwenyewe, akikana mbuzi. Sendofu hakuna. Nikapanda tena mpaka juu, nikateremka polepole, kama mtu anayetafuta namba yake kwenye matokeo ya mtihani na anajua hakusoma.

Nikafungua kadi. Kadi tupu. Picha sifuri.

Hapo ndipo nilipokisoma kile kiboksi. Kilikuwa kimeuliza, kwa heshima zote, kama ningependa picha zifutwe kwenye kadi zikishahamishwa.

Nikaziona zote 312 zikipita mbele ya macho yangu: mama akilia, bibi akilishwa keki na kuitema, baba akicheza kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Laki nne na nusu ya mpigapicha wa mjini ikaanza kuonekana bei ya kutupa.

"Si umesema zimehama?" Shangazi akauliza. "Zimehamia wapi?"

Hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Mtu mwenye akili angelishika hilohilo mpaka mwisho. Mimi nikasema, "Twende kwa fundi."

Kwa kuwa kadi sasa ilikuwa mgonjwa mahututi, niliifunga kwa karatasi laini ya chooni, nikamwaga njiti za kiberiti, nikailaza ndani ya kiberiti hicho, na kiberiti nikakiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Ile nyingine, bandama, nikairudisha kwenye tundu lake isije ikapotea.

Shangazi alikataa kubaki. Kituoni bodaboda ilikuwa moja, kwa hiyo tukapanda mshikaki: dereva, Shangazi katikati, mimi nyuma, mkono mmoja nimeng'ang'ania chuma, mwingine nimeshika kiberiti. Kutoka Kihonda kwenda mjini tulipita Msamvu, katikati ya mabasi yanayotoka na yanayoingia na wauza karanga wanaokimbilia madirisha, na muda wote huo Shangazi alikuwa anamsimulia dereva habari ya godoro, hakubakiza kitu. Tulipofika, dereva alikuwa mtu wetu kabisa.

"Inchi nane ile, mama," alisema akipokea nauli. "Mtu unaona tu kwa macho."

Kibanda cha fundi kina upana wa kabati. Ni kijana mdogo, miwani mikubwa, kichwani amevaa taa kama mchimba madini. Nikatoa kiberiti, nikafunua karatasi tabaka kwa tabaka, nikamweleza: picha za sendofu, 312, zimefutika zote. Akaichukua kadi. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaimulika.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona haina shaba?"

"Shaba gani?"

Akatoa kadi yake kwenye droo, akanionyesha mgongo wake: vibao vidogo vya rangi ya dhahabu vimepangwa kama meno. "Hapa ndipo inaposomwa. Ya kwako huku nyuma hamna kitu."

Nikaipokea, nikaitazama. Kweli, tupu, laini kama ukucha. Magoti yakaniisha nguvu.

"Kumbe kufuta kunafika mpaka kwenye shaba?" nikauliza.

Kijana yule kalelewa, hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kaka, hii ni plastiki. Kizibo. Kompyuta ikiwa mpya wanakiweka kwenye tundu ili vumbi lisiingie." Aliyecheka ni mteja wa nyuma yangu, naye aliona pale ndani hapamtoshi, akatoka kwenda kuchekea barabarani.

"Kwa hiyo," Shangazi akasema, neno kwa neno, "tumepanda mshikaki kuleta kizibo hospitali."

Nilirudi Kihonda peke yangu. Kadi ya kweli ilikuwa imetulia ndani ya kompyuta, mahali nilipoihifadhi isipotee. Niliporudi kwa fundi nilimkuta Shangazi amepewa kiti, ana chipsi mayai, na kibanda cha chipsi kina jina langu kwenye daftari.

Fundi alianza na jambo dogo: alikisukuma kile kidude cha ubavuni mwa kadi kikashuka chini, na kwa hilo tu kadi ikajifunga, haiandikwi tena. Picha zikifutika, alisema, usipige nyingine, usiguse kitu, ondoka. Kwa sababu kufuta hakuondoi picha. Kinachofutwa ni ile orodha inayosema picha fulani iko mahali fulani. "Ni sawa na kung'oa namba ya nyumba mlangoni. Anayetafuta haioni, lakini wenyewe wamo ndani wanapika. Balaa ni mpaka aje mtu ajenge juu yao."

Akafungua programu ya bure inayoitwa PhotoRec. Haina urembo wowote: kioo cheusi, maandishi meupe, namba zinapanda. Orodha haihangaiki nayo. Inapita kadi nzima tangu mwanzo mpaka mwisho ikinusa mahali picha inapoanzia, maana kila picha ya namna ile, JPEG, huanza na alama zilezile. Shangazi alivitazama vile vinamba, akaninong'oneza kwamba kijana huyu amewahi kupelekwa kwa mtaalamu.

Kadi ilikuwa ya GB 16 na mashine ya fundi ilikuwa mzee mwenzake na kamera, kwa hiyo tulikaa zaidi ya saa moja. Picha zikafika 100, 200, 312. Nikasimama kushangilia. Zikafika 400. Nikakaa. Zikasimama kwenye 531.

"Mbona zimezidi?"

"Imeleta na zilizofutwa zamani. Haichagui hiyo."

Mtu mwingine hapo angeuliza: zamani gani? Kamera ya nani? Mimi nilikuwa nahesabu hela. Alitaka elfu hamsini, tukakutana arobaini. Akazitia kwenye flashi, akanionya kwamba majina yamepotea, zina namba tu, na mpangilio umevurugika. Halafu nikiwa nimeshatoka akaniita.

"Kaka. Sherehe si ilikuwa jana?"

"Jana."

"Mbona picha zinasema tarehe 1 Januari 2011?"

Njia nzima ya kurudi sikusema neno. Nilipofika nikafungua kompyuta, nikateremka. Nikalipita lori la mchanga, nikampita jirani na mbuzi wake, nikazipita picha za simu ya zamani, na za simu iliyokuwa kabla ya hiyo, nikateremka mpaka mahali ambapo hata panya wa kompyuta hafiki. Folda ya mwisho kabisa: 2011-01. Nikaifungua. Mama analia. Bibi anatema keki. Zote 312, na majina yake kamili, zimekaa humo tangu asubuhi, zinanisubiri.

Picha huzaliwa na tarehe yake ndani yake, na tarehe hiyo hupewa na kamera. Kamera ile ikikaa bila betri saa yake inasahau yote, na ukiiwasha inauliza, na usipoijibu inarudi mwanzo wa dunia yake, ambao ni usiku wa mwaka mpya wa 2011. Programu nayo haikukosea. Iliambiwa picha ni za 2011, ikaziweka pamoja na za 2011. Aliyejibu OK mara mbili anajulikana.

Hesabu: fundi elfu arobaini, waya elfu tatu, nauli mara nne, chipsi mayai. Nilikuwa nimekwisha kuiomba kamati inirudishie gharama za kuokoa picha, na mweka hazina amejibu kwa dole gumba. Sasa nieleweshe watu kwamba picha hazikuwahi kupotea? Nikafunga kompyuta. Nikaamua kwamba jioni itatumika flashi ya fundi, ili watu waione kazi ya hela yao.

Jioni tulikuwa nyumbani kwa Mjomba, ukoo mzima, sebule imejaa mpaka mlangoni, watoto chini. Flashi ikaingia kwenye runinga, picha zikaanza kujigeuza zenyewe, kila baada ya sekunde tano, tarehe imeandikwa kwenye kona. Rimoti ilikuwa kwa Shangazi, ameikalia, hataki mtu yeyote aharakishe wala asimamishe mpaka godoro lipite.

Picha ya kwanza tu, mama akauliza: "Mbona inaandika 2011? Mwaka huo huyu alikuwa darasa la tatu."

Nikasimama. Nakiri nililifurahia. Tangu asubuhi nilikuwa mtu wa kizibo, sasa nikawa mwalimu. Nikaeleza betri, nikaeleza saa, nikaeleza jinsi kamera hii inavyorudi 2011 kila inapokaa muda. "Tarehe ya kamera hii msiiamini hata kidogo," nikasema. "Ipige picha leo, ipige kesho, itasema 2011."

"Msikilizeni," Mjomba akasema kwa ile sauti yake ya taratibu. "Huyu amesoma."

Bi harusi akaingia ukumbini. Mama akalia. MC akashika maiki. Kisha akatokea Mjomba, shati la maua, dole gumba juu, amesimama mbele ya treni ya umeme.

Watu wakadhani ni ya kwao, wakacheka. Picha ikageuka: bibi na keki. Ikageuka: Mjomba yuko mezani na wazee wenzake watatu, mikono yote miwili imeshika ubavu wa mbuzi, mdomo umefika nusu ya kazi. Kando kuna zabibu kwenye sinia, na chupa ya mvinyo ambayo mshuko wake unaonyesha haikuwa ya mapambo.

Mkaza Mjomba alikuwa anatafuna korosho. Aliacha.

Sendofu picha tatu. Mjomba moja. Sendofu mbili. Mjomba nne mfululizo, ubavu ukipungua kutoka picha hadi picha.

"Baba fulani," Mkaza Mjomba akasema, "si uliniaga unakwenda msibani Kilosa? Siku tatu?"

"Hizo za zamani, mke wangu," Mjomba akajibu bila hata kujigeuza kitini. "Zilikuwa zimebaki humo. Soma tarehe pale. Elfu mbili na kumi na moja. Sikuwa nimeanza kuumwa."

Sebule ikatulia. Kisha vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, vikanigeukia mimi.

"Baba," Mkaza Mjomba akaniambia, laini kama anayenipakulia chakula, "hebu rudia pale ulipofika kwenye saa."

Nikaanza kusema kwamba inategemea. Kwamba kuna betri na betri. Nilikuwa nakaribia kumwokoa, naapa, lakini pale chini mbele ya runinga kulikuwa na mjukuu wake wa miaka minane, ambaye shule yao iliwapeleka kuipanda treni hiyohiyo.

"Babu," akauliza, "2011 SGR ilikuwepo?"

Treni ile imeanza kubeba abiria 2024, na Morogoro hakuna asiyelijua hilo, maana tuliishangilia ikipita. Mjomba alimtazama mjukuu wake kwa macho ya mtu anayefikiria upya suala la ada. Na picha hazikusimama, kwa kuwa rimoti ilikuwa imekaliwa, na aliyeikalia alikuwa anapaza sauti: "Acheni ziende! Langu bado!"

La kwake likaja. Godoro lilijaa kioo chote, upande wake mpana, bapa, kwa kuwa sekunde ile Shangazi alikuwa ameliinamisha mbele kuisalimia meza kuu. Unene hauonekani. Uso hauonekani. Chini ya godoro kuna miguu miwili tu.

"Huyo nani?" mama akauliza.

"Mimi!"

"Nani kasema?"

Nilitoka nje kupunga upepo, Uluguru imekwisha kuingia giza. Kabla sijatoka Mkaza Mjomba alikuwa amenidai kadi yenyewe, mkono umenyooshwa. Nilimpa, akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili, akarudi kukaa.

Nyuma ya nyumba, penye jiko la mkaa, nikamkuta Mjomba amesimama peke yake.

"Mpwa wangu," akasema chini kwa chini. "Ile kadi unayo?"

Kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, kulikuwa na kiberiti. Fundi alikuwa amenirudishia mali yangu, akaifunga vizuri na karatasi yake. Sijui mkono ulifanya nini, lakini nilishtukia nimekwisha kukitoa. Mjomba akakifungua, akafunua tabaka kwa tabaka, akaishika ile nyeusi kwa vidole viwili kwenye mwanga wa mkaa, kisha akaitupia jikoni. Ikajikunja, ikatoa moshi mweusi na harufu ya ndoo iliyoungua. Tuliitazama mpaka ikaisha.

"Hapo hata fundi wako haipati," akasema.

"Hata yeye, Mjomba."

Akaingiza mkono mfukoni, akanipa elfu kumi ya soda. Nikaipokea kwa mikono miwili.